Tabia Njema ya Bwana Subiri

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa kitambulisho changu na kwa magoti yangu yote mawili, ingawa ni moja tu linalofanya kazi. Atakayenishika na uongo hata mmoja, nitainunulia hoteli hii nzima chai na mandazi.

Mwaka wa 1956 Serikali ilitangaza Kenya mpya ya haki. Haki yenyewe ilipangwa vizuri: Mwafrika sasa angepiga kura moja, au mbili, au tatu, au asipige kabisa, kulingana na alivyokomaa. Kukomaa kulipimwa kwa fomu, na kila alama ilikuwa kura. Ofisi ya Upimaji wa Ukomavu ikafunguliwa Dagoretti Corner, ndani ya banda la mabati lililokuwa stoo ya viazi. Harufu ya viazi ilibaki, na hiyo iliileta Serikali karibu na wananchi.

Karani wa dirishani alikuwa Zedekiah Ajwang, kijana mtanashati mwenye tai nyekundu na kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa na wino. Mkubwa wake alikuwa Mwingereza wa miaka ishirini na sita. Watu walimwita Bwana Subiri, maana hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza, na lilimtosha.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, mwisho ukiwa saa kumi kamili, Milcah Nakhumicha alifika dirishani kwa mara ya tano. Alikuwa mpishi katika nyumba ya Serikali kule Kilimani. Kwa miaka kumi na mmoja mabwana sita walikuja na kuondoka, naye alikabidhiwa kwa kila mmoja pamoja na viti, kwenye orodha, kati ya meza na ndoo. Miaka hiyo fomu haikuihesabu, kwa kuwa kila bwana mpya alikuwa mwanzo mpya.

Kura aliitaka kwa jambo moja. Riruta alikoishi hapakuwa na bomba, na kulikuwa na mgombea aliyeapa kulileta. Kila alfajiri Nakhumicha aliteremka mtoni na debe, kisha akatembea mpaka Kilimani kumchemshia Bwana maji ya kuoga.

Alama aliyoweza kuipata ilikuwa moja tu: barua ya tabia njema, kutoka kwa mtu anayemwona kila siku. Mtu huyo alikuwa Bwana Subiri, bwana wake wa sasa kule Kilimani. Nyumbani akimwomba, alijibiwa hayo ni mambo ya ofisi. Ofisini akimwomba, alijibiwa hayo ni mambo ya jikoni. Zedekiah aliuona mpango huo ni safi kabisa, hauna upendeleo hata chembe.

"Bwana, nimekuja tena."

"Subiri."

"Nimesubiri tangu mvua ya vuli, Bwana."

Nyuma yake kwenye foleni, Muli seremala akacheka. "Mama, hii fomu hata malaika Gabrieli hapiti. Wataambia yeye alete cheti ya mabawa."

Foleni ikaangua kicheko. Bwana Subiri akawa mwekundu kama nyanya za Limuru.

"Fomu rahisi sana! Karani, andika mimi! Watu yote naona!"

Zedekiah akatoa fomu. Kila fomu ilikuwa na nambari, haichaniki wala haifutiki. Aliyekosa alama zote, jina lake lilibandikwa ubaoni chini ya kichwa WASIOKOMAA, na nakala ikaenda ofisi kuu mjini. Kanuni hiyo aliitunga Bwana Subiri mwenyewe.

"Cheti cha shule?"

"Iko kwa mama yangu. Ulaya."

"Cheti kisichoonekana hakipo," Zedekiah akasoma. "Sufuri. Nyumba au shamba?"

"Nyumba ya Kilimani!"

"Hiyo ni ya Serikali," Muli akasema. "Hata kitanda iko na nambari. Mguu yake nilitengeneza mimi."

"Sufuri. Kazi ya miaka kumi kwa mwajiri mmoja?"

"Miezi nane."

"Umri wa miaka arobaini na tano?"

"Huyo bado ananyonya!" mtu akapiga kelele huko mwisho wa foleni.

Ikabaki tabia njema. Mtu aliyemwona Bwana kila siku alikuwa mmoja, naye alikuwa amesimama hapo dirishani.

"Mpishi," Bwana Subiri akasema, kwa sauti ambayo jikoni haikuwahi kuisikia. "Wewe nasema mimi mzuri. Weka kidole hapa."

Nakhumicha akautazama wino. Akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi kasorobo.

"Tabia ni kitu ya kufikiria, Bwana," akasema. "Subiri."

Ilipobaki dakika tano, Bwana Subiri alinyakua karatasi akaandika mbio kwamba Milcah Nakhumicha ni mwaminifu, msafi, na hajawahi kuiba sukari. Zedekiah akagonga muhuri. Kura moja, halali.

"Sasa kidole!"

Nakhumicha akakunja mkono wa gauni. Akapangusa kidole kwa leso, mbele na nyuma. Akakichovya kwenye wino polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Saa ikagonga kumi.

"Sheria ni sheria, Bwana," Zedekiah akasema kwa ujasiri mkubwa, akafunga dirisha.

Kesho yake watu walikuja kutoka hata Riruta kuusoma ubao, na wasiojua kusoma wakasomewa mara mbili. Ofisi kuu ilipopata nakala iliandika barua kali: ni nani huyu asiyekomaa anayelala katika nyumba ya Serikali Kilimani? Ahame. Bwana Subiri akakimbia mjini kujieleza. Walimwonyesha benchi la kungojea, wakamwambia neno lake mwenyewe.

Hapo ningeishia. Lakini kwenye meza ya pembeni kuna bibi mmoja aliyekuwa akinywa chai yake kimya tangu nilipoanza.

"Zedekiah," akaniita. "Dirisha nani alifunga?"

"Si karani, mama?"

"Karani gani? Ni mimi nilifunga, nikiwa huko nje. Wino ya kidole yangu ilikaa kwa hiyo bati mpaka banda ikabomolewa. Wewe ulikuwa chini ya meza, unatafuta kalamu yenye haikuanguka."

Hoteli nzima ikanigeukia. Mhudumu alishafika, anahesabu vichwa.

"Mandazi mbili mbili," Nakhumicha akamwambia.

Nilitaka kumwomba mhudumu asubiri kidogo. Nikaona vile mama ananiangalia. Nikalipa.