Kanga wa Mishomoroni na Suala la Jinsia

Kwa niaba ya Idara ya Ndege Wasio na Wenyewe, tawi la Kisauni, nina furaha kuutangazia umma kwamba zoezi la kutambua kanga madume na majike limeendeshwa kwa ufanisi mkubwa. Yanayosemwa mitaani ni porojo. Mimi ndimi katibu wa kamati, na nilikuwapo.

Kanga hao tuliwaokoa sisi. Walikutwa kwenye buti ya gari, wamefungwa miguu, wamesongwa ndani ya gunia. Idara haikuwa na banda, kwa hiyo tukawakabidhi kwa muda Bi Ruwaida, mwenye duka la viungo Mishomoroni. Yeye akawakatia kamba, akawapaka dawa vidonda, akawajengea banda uani. Baada ya muda wakawa wanamfuata hadi mlango wa jikoni. Idara ikajipongeza kwa kazi hiyo.

Kisha Mkurugenzi wetu, Bwana Justus, akatoa agizo: majike wabaki wazaliane, madume wahamishiwe nyumbani kwake kwa uangalizi maalumu.

"Uangalizi gani?" akauliza Bi Ruwaida.

"Wa karibu," nikamjibu.

"Karibu na nini? Na wali wa nazi?"

Nilimfahamisha kwamba matamshi kama hayo huwavunja moyo watumishi wa umma. Hakunisikiliza. Alikuwa amemkumbatia kanga mmoja kilema, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kamati ilipofika uani, Mkurugenzi akatoa mwongozo: anayetangulia ni dume, anayefuata ni jike. Kanga wakaanza kulizunguka banda. Muda si muda kila mmoja akawa ametangulia na kila mmoja amefuata. Kamati ikaridhia hali zote mbili.

Hapo ndipo Daktari Jael, mganga wa mifugo aliyeitwa na Bi Ruwaida, alipoingilia kati.

"Bwana Mkurugenzi, wasikilize. Jike hulia kwa vipande viwili: ku-chwee, ku-chwee! Dume hawezi. Yeye ana kipande kimoja tu, chi-chi-chi, hachoki."

Mkurugenzi akatega sikio; uani mzima ilisikika chi-chi-chi tu. "Basi wote hawa madume! Pakia!"

"Ngoja. Hata jike akishtuka hulia hivyo hivyo. Na wakiona mgeni wote hushtuka. Awezaye kuwasikia wametulia ni Bi Ruwaida peke yake."

Sote tukamgeukia.

"Nawajua mmoja mmoja," akasema Bi Ruwaida. "Na sikwambiini, wallahi."

Mkurugenzi aliamua zoezi liendelee Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na Bi Ruwaida akiwa arusini Kiembeni. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano. Mkurugenzi aliingia bandani na gunia. Mimi nilibaki langoni, kwa niaba ya ofisi.

Kanga walipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia katika utumishi wangu wote. Akina mama wa mtaa wakatoka mbio, mbele yao Bi Lamis na mwiko wa pilau. Akalitia banda komeo.

"Mwizi!"

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi gani achutamaye bandani?"

"Natambua jinsia!"

"Na gunia la nini?"

Mimi nilipoulizwa kama namjua, nilijibu kwamba suala hilo liko nje ya mamlaka yangu.

Bi Ruwaida, aliyepigiwa simu arusini, akafika na baibui lake la arusi, jasho likimtoka, kamleta askari. Alichungulia kwanza. Alipomwona yule kilema yu salama, akashusha pumzi.

"Mama," askari akauliza, "humu ndani walio wako ni wepi?"

"Wote wangu, afande. Isipokuwa huyo mwenye tai."

Mkurugenzi akatolewa, manyoya kichwani, akina mama wakimpigia vigelegele kama wanamtoa bwana arusi.