Krimu, Mkono Wangu na Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Mama Bosi katukusanya kabla ya kufungua duka lake la saa na pete. Bango jipya linawekwa juu ya mlango: picha ya mkono mmoja uliovaa ile saa kubwa ya chuma. Mkono tu. Sura zetu hazihitajiki, kasema, na tusikasirike. Mpiga picha anakuja Jumamosi. Na mwenye mkono utakaochaguliwa ndiye atakayehamia kuuzia kwenye kabati la vioo la mbele, ili mteja akiingia aukute mkono ule ule aliouona barabarani. Hiyo ndiyo akili ya biashara. Nilipiga makofi. Peke yangu, lakini nilipiga.

Nalitaka kabati la mbele. Niandike wazi, maana humu hasomi mtu: nalitaka kuliko nyongeza ya mshahara. Tangu niajiriwe nimo chumba cha nyuma, nabadilisha betri na kukata mikanda ya saa. Wateja wananijua kwa kikohozi tu. Kule mbele kuna kiti cha kuzunguka. Kuna mwanga. Mke wangu akipita na wenzake ataweza kusema, yule pale ni mume wangu.

Mpinzani ni mmoja, Bwana Losheni. Jina nimempa mimi. Anauza pete, na hujipaka losheni asubuhi, mchana na kila akitoka chooni. Mikono yake ukiitazama utadhani hajawahi kufungua hata mfuniko wa chupa. Leo kaitazama yangu, kisha kasema mbele ya watu wote kwamba mimi ningefaa zaidi kwenye bango la duka la mazulia. Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nikacheka. Nikacheka mpaka nikafika chumba cha nyuma, nikafunga mlango.

Ni kweli nina nywele mikononi. Si haba. Nikivaa saa, huoni mkanda umeanzia wapi. Wembe nilishaujaribu zamani: mikwaruzo kwanza, halafu zikaota upya ngumu kama brashi ya viatu. Kwa hiyo jioni nikapitia duka la dawa, nikanunua krimu ya kuondoa nywele. Dada muuzaji kanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwanza nipake kidogo tu, mahali padogo mkononi. Niache kwa dakika zilizoandikwa, nioshe, halafu nisubiri siku nzima. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, niachane nayo. Pakitulia, ndipo nipake kwingine. Kauliza kama nimeelewa. Nikamjibu kwamba mimi huelewa kabla mtu hajamaliza kusema. Kanipa chenji, nayo polepole.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua hatari ambayo dada wa dawa hakuiona. Nikijijaribu mwenyewe na ngozi ikaharibika, doa litakuwa kwenye mkono gani? Wa bangoni! Nitakuwa nimejiharibia kwa kujikinga. Sikatai, krimu lazima ijaribiwe. Mimi si mzembe. Lakini ngozi ni ngozi, na kwenye kochi langu kuna ngozi inayolala bure.

Namsema shemeji, mdogo wake mke wangu. Alikuja mjini kutafuta kazi, akasema anapita tu. Kapita mpaka kochi limeshika umbo lake. Si mtu mbaya. Ana heshima, anaosha vyombo, na mikono yake ina nywele karibu sawa na yangu, jambo muhimu kwa utafiti. Tena kapata chumba cha kupanga, Jumapili anahama. Ikabidi nifanye haraka.

Niliporudi kazini nimemkuta kalala, mkono unaning'inia. Nikapiga magoti. Nikampaka kidogo juu ya kifundo cha mkono, duara la ukubwa wa kizibo cha soda. Safi kabisa. Lakini harufu! Harufu hakuna aliyenionya. Mke wangu kauliza kutoka jikoni ni kitu gani kimeoza. Nikasema bomba la choo. Akaenda kulikagua bomba. Mimi macho kwenye saa. Dakika zilipotimia nikapangusa vizuri kwa kitambaa chenye maji. Shemeji akageuka upande wa pili, akatabasamu usingizini. Nilijisikia kama daktari bingwa.

Jumatano, 6 Machi

Jaribio limefaulu! Ngozi ya shemeji shwari kabisa. Haina upele, haina wekundu, ni nyororo. Nimeikagua wakati wa chai kwa kumuuliza saa ngapi, ingawa yeye hana saa na mimi nafanya kazi duka la saa.

Bahati mbaya na yeye kaiona. Kaingiwa na hofu. Kasema nywele zimetoka zenyewe, tena duara, kwa hiyo lazima kuna kitu kinamla ndani kwa ndani. Mke wangu kashika kichwa. Mimi, kwa nia njema ya kuwatuliza, nikasema huenda ni mawazo ya kuhama. Kosa! Mke wangu kaamua hapo hapo kwamba mgonjwa hawezi kwenda kuishi peke yake. Kuhama basi, mpaka apone. Shemeji karudi kwenye kochi, safari hii kwa amri. Supu yangu kapewa yeye. Ile nyama niliyokuwa nimeiwekea jicho kapewa yeye. Mgonjwa kamaliza, kaomba kuongezewa.

Nilitaka kusema. Kweli nilifungua mdomo. Nikaona mwiko mkononi mwa mke wangu, nikaufunga.

Kazini, Bwana Losheni kaja na glavu. Anailinda mikono mpaka Jumamosi. Anapanga pete kavaa glavu! Trei nzima imemponyoka. Nilitambaa naye chini ya meza kumsaidia kuokota, na sijafurahi hivyo siku nyingi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo ndiyo leo, nilijiambia. Baada ya kazi nikajifungia bafuni. Nikapaka mikono yote miwili, vidoleni hadi viwikoni, nene kama siagi ya mkate wa mgeni. Dakika zilizoandikwa zilipotimia nikaona ni chache mno. Bila shaka waliwaandikia watu wa nywele za kawaida. Nikajiongezea. Mbona shemeji hakulalamika?

Ikaanza kuwasha. Nikajikaza kisabuni. Ikaanza kuchoma. Nikasema vizuri, inafanya kazi. Kisha nikasikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo alikuwa mimi.

Mke wangu kagonga mlango karibu auvunje. Nikafungua kwa kiwiko. Kaniburuta mpaka kwenye bomba, akanimwagia maji, tena na tena. Nywele zilitoka, hilo tukubaliane. Ila zimeacha mikono imeiva, imevimba, ina vipele kila mahali, na vidole havikunjiki. Nilikuwa karibu kulia. Nililia.

Ndipo kaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kama niliijaribu kwanza. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba niliijaribu, tena juzi, na siku nzima nikasubiri kama nilivyoelekezwa. Kauliza niliijaribia wapi. Kaanza kunigeuza mikono akipatafuta. Nikakohoa. Mlangoni kasimama shemeji na bakuli la supu. Kaiangalia mikono yangu. Kauangalia wake. Bakuli kaliweka chini taratibu sana.

Yaliyosemwa siyaandiki. Mke wangu kasema mengi, mengine yanahusu ukoo wangu. Shemeji kasema moja tu: kwamba alikuwa ameshaanza kuwapigia simu watu kuwaaga. Hapo niliona aibu. Aibu ya kweli, iliyopanda mpaka masikioni.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi mke wangu kanipeleka duka la dawa kama mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Dada kaniona tangu mlangoni. Kauliza pale nilipojaribia paliendeleaje. Nikasema pazuri sana. Kashangaa, kasema basi haiwezekani mikono iwe hivi. Mke wangu kanijibia, kwa urefu, na foleni nzima ikasikiliza. Dada kafumba macho kidogo. Kisha kasema ngozi ya kujaribiwa ni ile ile itakayopakwa, na kwamba katika kazi yake hakuwahi kufikiria kuna mtu atahitaji kuelezwa hilo. Kitambaa cha maji baridi, marhamu isiyo na manukato, nisijikune, nisipake kingine chochote, na ikizidi niende zahanati haraka. Waliokuwa nyuma yetu wakanipa pole. Mmoja kashindwa kuimaliza pole yake kwa kicheko.

Kazini nimevaa shati la mikono mirefu, nimeivuta mpaka kwenye kucha. Mama Bosi kauliza kama nasikia baridi. Nikasema kidogo. Jasho lilikuwa linadondokea saa ya mteja.

Nyumbani shemeji haniongeleshi. Lakini jioni kaniletea kitambaa cha maji baridi, kanifunika mikono, karudi jikoni kuosha vyombo. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya picha. Nilikuwa bado na tumaini kidogo. Nilifikiri labda watapiga kwa mbali.

Kaanza Bwana Losheni. Kavua glavu kidole kimoja kimoja, kaweka mkono chini ya taa. Mpiga picha kapiga, kaangalia, kapiga tena, kisha kauliza kama mkono huo unaweza kupanguswa. Unang'aa kuliko saa! Wakaupangusa. Saa ikateleza, ikageukia chini ya mkono. Ikarudishwa, ikateleza. Mpiga picha kasema saa hii ni nzito, inataka mkono wa mwanaume aliyeshiba kazi, mkono wenye nywele. Dukani hakuna?

Mama Bosi kasema yupo mwenye mkono huo. Kasema tangu Jumatatu ndio aliokuwa akiufikiria, ila alitaka kila mtu apate nafasi. Kisha kanitazama mimi.

Tangu Jumatatu! Nilitamani ardhi ipasuke niingie na kiti changu. Kaniambia nikunje shati. Nikasema bado nasikia baridi. Kaja kalikunja mwenyewe. Mikono ikawa hadharani, myekundu na vipele vyake. Hata Bwana Losheni hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Mpiga picha kaanza kufunga mizigo yake.

Hapo kaingia shemeji. Nilisahau marhamu nyumbani, mke wangu kamtuma aniletee. Kanyoosha mkono kunipa, ule mkono mpana wenye nywele, na mpiga picha kamdaka hewani kama mwizi wa simu. Wakamvisha saa. Lile duara nililomnyonyoa lilifunikwa lote, halikuonekana hata ukingo. Lazima niseme nililipima vizuri.

Mama Bosi hageuzi neno. Mkono wa bangoni ndio mkono wa kabati la mbele. Kamuuliza shemeji kama ana kazi. Shemeji kanigeukia kwanza. Kaniuliza, kwa upole, kama nitaumia moyo. Nikasema hata kidogo, shemeji, hongera. Niliumia. Nilirudi chumba cha nyuma, nikakata mkanda wa mteja mfupi mno, nikakaa nauangalia. Niliweza kusikia kiti cha kuzunguka kikizunguka.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba imejaa furaha. Shemeji kapona ghafla, ila kuhama kasema hakuna maana tena, kwani sasa tunafanya kazi pamoja na tutaongozana kila asubuhi. Mke wangu kamkumbatia. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, kochi likiwa na mwenyewe.

Baada ya chakula mke wangu kasema kanisamehe, kwa sharti niseme mbele yao nimejifunza nini. Nikasimama. Nikasema kila ngozi ina yake, maelekezo yapo kwa sababu, na nisiguse mkono wa mtu aliyelala. Shemeji kapiga makofi. Mke wangu kapangusa jicho. Lilikuwa jambo zuri kwa kweli, hata mimi lilinigusa moyo.

Lakini humu niandike nilichojifunza hasa, maana nimekifikiria tangu Alhamisi. Jaribio halikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa kwenye kuchagua mtu. Shemeji si damu yangu! Ngozi yake ni ya ukweni. Ningeijuaje ngozi ya kwetu kwa kuangalia ya kwao? Hata mtoto angeliona hilo.

Na limekuja kwa wakati. Mama Bosi anasema bango hili likileta wateja atatoa la pili, na mimi sasa nina mikono mitupu kama ya Bwana Losheni. Nimeshanunua mafuta ya kuotesha nywele. Chupa inasema wazi yajaribiwe kwanza mahali padogo, na mtu asubiri siku nzima. Nitafuata neno kwa neno. Jumapili ijayo kaka yangu mkubwa anakuja kututembelea. Baba mmoja, mama mmoja. Ana kipara tangu ujanani, kwa hiyo hata nywele zikiota kidogo itakuwa faida kwake, na akishiba hulala fofofo popote alipo. Nimemwambia mke wangu siku hiyo apike kingi. Kafurahi. Kasema ameanza kuona nimebadilika.