Mimba ya Pamba

Mwaka sabini na nane, mwezi wa saba, taarifa ya habari ya mchana ilisema huko Uingereza amezaliwa mtoto aliyetungwa ndani ya chupa. Mzee Abasi, muuza kahawa wetu, aliweka birika chini akaitazama redio yake kana kwamba imemtukana.

Kijiwe chetu kilikuwa barazani kwa Lukumani, fundi cherehani, jirani na soko la Tabora. Yeye alishona, sisi tulikunywa na kuamua mambo ya dunia.

"Chupa ya namna gani?" akauliza Masolwa. Huyu alikuwa mtu wa Nzega, mnunuzi wa ngozi, tukimwita Ng'ombe Kumi kwa sababu kila jambo alilipima kwa mifugo.

"Chupa ya daktari," akajibu Shomari, karani wa mahakama, ambaye kijiweni jina lake lilikuwa Kifungu. "Yai la mama na mbegu ya baba vinakutanishwa humo, halafu vinarudishwa tumboni."

"Tumbo la nani?"

"La mwenye yai."

"Na wakikosea tumbo?"

Hapo kahawa ikaanza kupoa vikombeni.

"Hawakosei, ila wakitaka wanaweza," Kifungu akasema. "Yai la huyu, tumbo la yule. Sasa niambieni, mama hapo nani?"

Elieza, katibu wa tawi la chama, akakohoa. Tulimwita Azimio, na alipokohoa hivyo ilikuwa hotuba inakuja.

"Ndugu zangu, tumbo ni nyenzo ya uzalishaji. Ukimlipa mwanamke akubebee mtoto, huo ni unyonyaji. Yeye anatapika miezi tisa, wewe unakuja kuchukua mazao."

"Na akibeba bure?"

"Bure ni udugu, hapo siwezi kupinga. Lakini msimamo ni kujitegemea. Kila mtu abebe wake."

"Wewe Azimio utabeba lini?" akauliza Abasi.

Azimio akanywa kahawa.

"Kwetu hiyo si kesi," Masolwa akasema. "Mtoto ni wa upande uliotoa ng'ombe. Ng'ombe hawajatoka, mtoto anabaki kwa babu yake mzaa mama. Chupa haitoi ng'ombe, kwa hiyo chupa haina mtoto."

"Mimi Sheria ya Ndoa ya mwaka sabini na moja nimeisoma yote," Kifungu akasema. "Imetaja mahari, imetaja talaka, imetaja mpaka zawadi za uchumba. Tumbo la kuazima halimo."

"Kama halimo, basi ruhusa."

"Kama halimo, basi hakuna pa kushika, na hilo ni jambo lingine. Aliyebeba akigoma kumkabidhi mtoto, hakimu atauliza nani amezaa. Mkunga atanyoosha kidole, kesi imekwisha."

Cherehani ikanyamaza. Lukumani alikuwa ameondoa mguu kwenye kanyagio.

"Na kama aliyebeba ni ndugu?" akauliza. "Tuseme dada na mdogo wake, wamekubaliana."

"Tuseme nani?"

"Rafiki yangu mmoja."

"Anakaa wapi?"

"Mbali. Sikonge."

"Sikonge si mbali," Masolwa akasema. "Hata punda anafika."

Tukatazamana. Lukumani na mkewe Kuluthumu walikuwa wamekaa miaka kumi na moja bila mtoto, na sasa Kuluthumu alikuwa na tumbo la miezi saba. Tulishampa Lukumani hongera, tukala na halua. Lakini lile tumbo lilitutia mashaka. Ijumaa lilikuwa chini ya kifua. Jumatatu, kwenye foleni ya sukari ya duka la ushirika, lilikuwa limehamia nyonga ya kushoto. Hakuna aliyesema neno, maana mke wa mtu hatazamwi kiasi hicho.

"Lukumani," Abasi akasema taratibu, "huyo rafiki yako anashona?"

Lukumani akainamisha kichwa, kisha akatueleza. Mwenye mimba hasa alikuwa Mwanajuma, mdogo wake Kuluthumu, aliyeolewa Goweko. Alikuwa na watoto sita. Yeye na mumewe, mkulima wa tumbaku, walikubali kwamba huyu wa saba watampa Kuluthumu, na watu wa Tabora waone kazaliwa kwa Kuluthumu.

"Kwa nini mfiche?" nikamuuliza.

"Namwogopa mama. Tangu nimeoa hajawahi kuniuliza mjukuu yuko wapi. Mtu asiyeuliza kitu miaka kumi na moja anatisha." Akatoa barua mfukoni. "Na jana imekuja hii. Mwanajuma anasema mtoto anacheza sana, na yeye ameanza kumzoea. Basi, hakuandika zaidi. Kuluthumu hajala tangu jana."

Kifungu akaigeuza barua nyuma, kutafuta maneno zaidi.

"Mmetumia nini?"

Sauti ilitoka mlangoni nyuma yetu. Bi Mwanamkuu, mama yake Lukumani, alikuwa amesimama pale ndani, na kwa jinsi alivyoegemea fremu alikuwepo tangu habari ya mbegu. Tukainuka sote kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Azimio, nisogezee hicho kiti." Akaketi, akamgeukia mwanawe. "Nauliza, tumboni kwa mkeo mmeweka nini?"

"Pamba, mama."

"Ya wapi?"

"Ya Nzega. Masolwa ndiye aliyetuletea."

"Mimi niliambiwa ni ya godoro," Masolwa akasema haraka.

"Pamba ikipata jasho inakuwa nzito, inashuka," Bi Mwanamkuu akasema. "Mimi nilitumia sufi, ile ya kujazia mito."

Akapokea kikombe cha kahawa kutoka kwa Abasi.

"Nilijifunga sufi miezi mitano," akaendelea. "Aliyekuzaa ni dada yangu, mama yako mkubwa wa Usoke. Marehemu baba yako alijua, na mkunga alijua."

Lukumani alishika ukingo wa cherehani. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nangoja siku nzuri. Imekuwa miaka thelathini na minane." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Alinikabidhi siku ya arobaini yako, akapanda treni. Kila sikukuu anakuja, anakaa kwenye mkeka wa wageni, anakutazama unavyokula. Nilimwonea dada yangu. Kosa langu ni hilo. Sufi haina kosa."

"Sasa Mwanajuma nimjibu nini?"

"Mwambie mtoto atawajua mama zake wote wawili tangu anaanza kusema. Akiridhika, mtampokea. Asiporidhika, mtoto ni wake, na wewe utamshonea nguo."

Kifungu alikuwa ameshatoa kalamu. "Samahani, mama. Hicho ni kifungu cha ngapi?"

"Cha Mwanamkuu."

Akaandika.

Lukumani akafunika cherehani, akauliza treni ya Kigoma inapita Usoke saa ngapi. Kisha akasimama pale pale. "Nikifika nimwambie nini?"

"Anza na shikamoo. Akishaitikia, mengine mtalia wenyewe."

Ndipo ikaja sauti ya Kuluthumu kutoka chumbani.

"Mama, kwa hiyo niivue?"

"Ivue, mwanangu. Halafu uje ule."

Mwezi wa tisa Mwanajuma alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa amejibu barua kwa neno moja, nimeridhika, na arobaini ilipopita akamleta mwenyewe. Walishuka stesheni yeye na Kuluthumu, aliyekuwa amewafuata Goweko, mmoja kabeba mtoto, mwingine kabeba mfuko wa nepi, na kila hatua chache wakabadilishana. Kwenye benchi la mbele Lukumani alikuwa amewaketisha wale bibi wawili, wa Tabora na wa Usoke, na walikuwa wakigombania nani ampokee kwanza.

Kifungu, aliyekuja na fomu ya kuandikisha kizazi, akauliza jina la mama aandike lipi, maana nafasi ni moja.

"Andika Mwanajuma," Kuluthumu akasema. "Ndiye aliyezaa."

"Na shuleni waandike Kuluthumu," Mwanajuma akasema. "Akifanya utundu, aitwe yeye."