Yah: Pikipiki Iliyochaguliwa Kama Dume la Mnadani

Mvumi,
Wilaya ya Chamwino.

Kwako Meneja,
Duka la Pikipiki lenye Mlango wa Bluu,
Majengo, Dodoma.

Ndugu Meneja,

Mimi ni Bibi Loisi, mke wa Nikodemo. Salamu ya heshima nimeizuia kwanza, kwa sababu nimeambiwa umri wako ni sawa na wa kitindamimba wangu, kwa hiyo shikamoo inatoka kwako kuja kwangu. Nimeipokea. Marahaba. Tuendelee.

YAH: KUICHUKUA PIKIPIKI YENU NA KUNIRUDISHIA MUME WANGU

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa anachapa kweli, kwa hiyo ukiona herufi imepinda ujue ni macho, si elimu.

Wiki iliyopita binti wa dukani kwako anayeitwa Naima alimpigia simu mume wangu akamuuliza maswali mawili. La kwanza, Babu, kwa nini ulichagua pikipiki hii na si nyingine? La pili, Babu, tangu umeinunua unajisikiaje? Huku kwetu simu inashika ukiwa umesimama juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Mume wangu ana miaka sabini na moja. Alipanda kichuguu jua likiwa upande huu, akashuka likiwa upande ule. Uji ulipoa mpaka ukaota ngozi. Mimi nilikuwa hapo chini napepeta uwele wangu, nikasikia yote, na mengine si kweli. Kwa hiyo maswali yenu nayajibu upya, ili kwenye hayo makaratasi mnayojaza yawemo na majibu ya mtu mwenye akili timamu.

1. Kuhusu alivyoichagua.

Mume wangu ndiye anayechukuliwa na kijiji kizima kwenda mnadani kuwachagulia watu ng'ombe. Akisema huyu, ni huyu. Sasa baada ya mavuno aliuza dume letu kubwa, tukaja kwenu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi lenu lenye msumari. Naima alieleza vizuri, sina ubaya naye kwa hilo: hii inakunywa mafuta kidogo, hii vipuri vyake viko kila kijiji, hii inabeba magunia. Mzee hakusikia hata neno moja. Alianzia nyuma, anakoanzia mnunuzi wa ng'ombe. Alibonyeza kiti kwa vidole gumba kutafuta mafuta ya mgongoni. Alilaza sikio kwenye tangi. Akaamuru pikipiki zote saba ziwashwe kwa pamoja, akasimama katikati amefumba macho, halafu akasema ya tatu ina kikohozi. Ile ya mlangoni alikataa hata kuitazama, eti muuzaji huweka getini yule anayetaka aondoke mapema.

Akaichagua nyeusi yenye alama nyeupe kwenye paji la uso, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa na dume jeusi lenye paji jeupe. Naima akamwambia, Babu, hiyo nyeupe ni karatasi ya bei, tunaibandua. Akasema atakayeibandua watagombana. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, ameigandisha kwa gundi, na mvua ikitisha anaifunika kwa sahani.

Sasa nakuuliza wewe Meneja. Ukimwona mteja ananusa gurudumu, si unafunga duka?

2. Kuhusu safari ya kuja nyumbani.

Aliwaambia mafundi wako kwamba dume jipya halipandwi siku ya kwanza, linatembezwa limjue mwenyewe. Nao wakamfungulia mlango, wakampungia mkono. Akaisukuma kutoka Majengo mpaka Mvumi. Siku mbili. Tulilala kwa binamu yake njiani. Kila bodaboda aliyetupita alisimama. Babu, mafuta yameisha? Babu, imekufa? Naye anawajibu, nzima kabisa kijana, tunazoeana. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa miguu, nimevaa kofia ngumu mliyompa, maana mkono mmoja ulikuwa na mkoba na wa pili ulikuwa na kuku wa binamu, sasa kofia ingekaa wapi? Watoto wa shule walitusindikiza kilomita nzima wakiimba.

Ukweli, ambao juu ya kichuguu haukutajwa, ni kwamba alikuwa hajui kuendesha.

3. Kuhusu mambo ya mifugo.

Bwana mifugo wetu, Hamidu, alipokuja kuwavisha ng'ombe hereni za masikioni, mzee aliwapitisha wote, halafu wa mwisho akasukuma pikipiki. Hamidu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini naye ni mtu mdhaifu kama wewe, akampa hereni moja iliyovunjika pini. Inaning'inia kwenye kioo cha kulia. Siku ya josho akaipanga foleni nyuma ya ndama. Hamidu akasema hapana mzee wangu, hii itazama. Basi wakaipulizia dawa kwa bomba. Sasa haina kupe hata mmoja. Nakubali. Lakini haikuwa nao.

4. Kuhusu ng'ombe wenyewe, ambao walikuwa na adabu kabla yenu.

Kuendesha alijifunzia ndani ya zizi, kwa sababu samadi ni laini kuangukia. Ng'ombe walimwona anaanguka siku tisa, wakampenda. Sasa anawapeleka malishoni kwa pikipiki, na mluzi wake aliowalea nao hawautaki tena. Wanafuata mlio tu.

Sasa sikiliza. Jirani yetu Obedi naye alinunua kwenu pikipiki ya aina ile ile, yeye kwa sababu zake za kawaida. Siku moja alipita hapa amembeba mama mkwe wake anampeleka zahanati, kiuno kimekaza. Ng'ombe wetu kumi na mmoja wakasikia mlio, wakavunja ua, wakamfuata. Obedi akaongeza mwendo. Ng'ombe wakaongeza mwendo. Mama mkwe anageuka nyuma anapiga kelele, mwanangu tunafukuzwa, mwanangu wanakuja! Wakafika zahanati wote kwa pamoja, na mlinzi wa getini akauliza mgonjwa ni yupi kati yenu. Yule mama alishuka kwa kuruka, akaingia ndani anakimbia, kiuno kimepona. Obedi mpaka leo hajaja kunywa chai kwangu, na mama mkwe anasema nilimtuma mzee afanye vile kusudi.

Ninaomba muache kuuza pikipiki za aina ile katika wilaya yetu nzima. Au kila moja mpeni sauti yake, kama Mungu alivyofanya kwa watu. Yeye aliowatengeneza ni wengi zaidi, na hakulalamika.

5. Kuhusu anavyojisikia.

Hapa naandika taratibu.

Anajisikia vizuri. Ndiyo tatizo. Asubuhi anaiosha kabla hajanawa uso. Amenunua miwani myeusi, anaivaa hata akiwa chooni. Kwa ajili ya wezi ameiingiza chumbani kwetu, kwa hiyo nikivaa kanga kuna kioo kinanitazama, chenye hereni. Kanisani mchungaji akiomba uzima, yeye anaitikia amina kabla ya wengine. Mtu wa miaka sabini na moja anatembea anacheka peke yake, watu wananiuliza mimi kama mzee anaumwa.

Meneja, tumekaa na Nikodemo miaka arobaini na tisa. Katika miaka hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anajisikiaje. Mimi namuuliza amekula? Yeye ananiuliza kuni zipo? Tukaelewana hivyo, tukalea watoto sita, tukazika wazazi. Akaja binti yenu na simu. Na mimi nikiwa na ungo wangu pale chini nikamsikia mume wangu anamwambia, Mjukuu wangu, najisikia kama ile siku nilipotembea siku mbili kwenda kuchumbia, nikafika juu ya kilima nikaona moshi wa kwao, nikajua yumo ndani.

Huo moshi ulikuwa wa kwetu. Aliyekuwemo ndani ni mimi. Neno hilo amekaa nalo miaka arobaini na tisa, halafu amempa msichana wa dukani, bure, kwa simu. Nilimwaga uwele wote. Hilo ndilo lalamiko langu hasa, hayo mengine yanalisindikiza tu.

Zamani jioni tukishakula tulikuwa tunakaa nje, yeye na kigoda chake, mimi na changu. Hatusemi mengi. Anaweza kusema yule ndama atakuwa mkali, nikasema ndiyo. Sasa akishanawa mikono anawasha, anapanda kilimani, anarudi meno yamejaa vumbi kwa sababu njiani anakenua. Kigoda chake amekikalia kuku. Kila siku ananiambia, Mama Emiliana, panda twende. Nami kila siku namwambia sipandi. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, sitaonekana nimefungwa nyuma ya mtu kama gunia la mkaa. Basi anakwenda peke yake, na kila siku anafika mbali kidogo kuliko jana. Juzi alifika mpaka kwenye lami. Jana aliona taa za Dodoma. Nakuuliza, siku moja atafika wapi? Na mimi je, niendelee kuongea na kuku?

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, mje kuichukua pikipiki yenu kabla ya Jumamosi, nikiwa nimempeleka mzee kwenye msiba. Msiba nitautafuta.

Pili, mlitafute dume letu. Ni la kahawia, pembe ya kushoto imeinama, lina dharau. Kama limeshaliwa, mlete lingine lenye dharau, atalizoea.

Tatu, kama haiwezekani kuichukua, basi mtubadilishie na pikipiki inayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea na ambayo jioni haiwaki. Mafundi mnao, wafanye kazi badala ya kuwapungia mikono wazee wa watu.

Nne, Naima asipige tena. Mambo ya mume wangu anajisikiaje yatashughulikiwa hapa nyumbani na mtu husika, akishajua pa kuanzia.

Wasalimie mafundi wote, hata yule aliyecheka. Msalimie mlinzi wenu, ndiye peke yake aliyeniokotea mkoba wangu ulipoanguka. Msalimie Naima, ni binti mwenye sauti nzuri na hilo namlaumu nalo. Msalimie na mama aliyekuzaa, umwambie nimesema alifanya alichoweza.

Ni mimi, mwenye hasira zangu na adabu zangu,

Bibi Loisi wa Nikodemo.

Nyongeza, nikiwa mlangoni kwenu:

Gari la kuja mjini leo halikutokea, na mimi nilishaapa barua itafika leo. Nikodemo akasema, basi panda. Hajui ndani ya barua mna nini, nilimwambia ni mambo ya kikundi cha akina mama. Nikapanda. Nimekaa wanavyokaa wanaume, kanga nimefunga vizuri, na mjumbe yeyote wa kikundi anayetaka kuliweka kwenye ajenda aliweke.

Mpaka lami nilikuwa nimefumba macho naungama dhambi, hata zile za utotoni. Kwenye lami nikafungua jicho moja. Halafu la pili. Baadaye nikasikia mwanamke anacheka ovyo, kicheko cha sokoni, nikataka kumkemea, kumbe ni mimi. Njia nzima Nikodemo ananionyesha vitu, shamba la zabibu la nani, ng'ombe wa nani, hapa tulipita tukisukuma. Nusu ya maneno inachukuliwa na upepo. Nusu naipata, maana nimemshika kiunoni na sikio liko mgongoni kwake. Inanitosha. Katika ile nusu kuna jambo aliniambia ambalo halikuhusu, wala halimhusu Naima.

Mlinzi anasema umekwenda kula. Nikodemo anasema kuna ile barabara mpya inayozunguka mji, pana, haina hata tuta moja. Nimemkubalia mzunguko mmoja tu, halafu turudi tukungoje kwa heshima.

Pikipiki msiiguse. Dume nalo msilitafute tena. Kalamu hii ni ya mlinzi naye anaidai, kwa hiyo namwachia na barua. Tukimaliza kuzunguka tutapita kuichukua kabla hujarudi kuisoma.

Ukiona umeisoma mpaka hapa, ujue tumezunguka mara ya pili.