Moshi wa Nani Huu?

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu, mwenye mimba ya miezi mitano, ametangaza mezani kwamba sigara basi, kwa ajili ya mtoto. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akamkumbatia. Mimi ni fundi makufuli, siamini mlango kwa kuuona umefungwa. Mimba ya kwanza iliharibika, na hii ndiyo roho yangu. Sitaki mchezo. Lazima achunguzwe. Nikasimama dirishani, nikavuta mbili nikitafuta mbinu.

Jumanne, 4 Machi
Ushahidi! Mapazia ya sebuleni yananuka moshi. Kwenye chungu cha maua nimekuta vipande vya sigara, tena aina ninayovuta mimi. Kumbe ananiibia! Nikamuuliza kwa upole. Akasema ni vyangu, na chungu nimekigeuza jalala. Mwenye hatia haishiwi maneno. Mama mkwe akamuunga mkono. Hao wawili lao moja.

Alhamisi, 6 Machi
Hamu ikimshika hutoka uani na simu. Leo nikajibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Nikamsikia akinong'ona kwamba amebanwa, kidogo ashindwe. Anamwambia nani? Nikarukia simu. Ni mkunga wa kliniki, aliyemruhusu apige wakati wowote akizidiwa. Mkunga akaniuliza kama nami navuta. Nikamjibu kwamba mjamzito humu ndani ni mmoja tu. Akaniomba nifuatane na mke wangu kesho. Vizuri sana. Njia ya mwongo ni fupi.
Shuka moja limetoboka. Nilisahau kuzima sigara.

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki wana kidude cha kupuliza, kinaonyesha moshi uliomo mwilini. Mke wangu akapuliza. Moshi upo! Nikawatazama wote waliokaa kwenye benchi, wajue nani alikuwa sahihi. Mke wangu akalia. Akaapa hajagusa hata moja, akasema anaogopa kumpoteza na huyu. Yale machozi yaliniuma, lakini ukweli ni ukweli.
Kisha mkunga akanipa kidude mimi. Nikapuliza. Kikapiga kelele hadi mlinzi akachungulia. Mkunga akasema moshi wa mke wangu unatoka kwangu, kwamba ninaovuta dirishani unamfikia yeye na mtoto tumboni. Akanitaka niache pamoja naye, wapo watu wa kunisaidia. Nikakataa. Niliyoyasikia yanatosha: anavuta. Tena moshi nilioununua mimi, yeye anavuta bure.

Jumapili, 16 Machi
Mke wangu yuko kwa mama yake tangu Jumamosi ya tarehe 8. Alisema atarudi siku nitakapoacha. Nyumba imekuwa kubwa. Nalala upande wake wa kitanda.
Leo shemeji, mdogo wake, amekuja kumchukulia nguo. Akaniambia kipimo cha juzi kimetoka safi kabisa, na mtoto anacheza vizuri. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu nikajiuliza: wiki moja tu, na moshi wote umekwisha? Shemeji anasema ni hewa ya kule. Hewa gani hiyo? Kuna jambo wananificha.
Kesho nitajibanza chini ya dirisha la chumba anacholala, niichunguze hiyo hewa yao. Nimenunua pakiti mbili. Ulinzi unataka subira.