Mmemfanya Mume Wangu Kijana, Mje Mmalize Kazi

Mocímboa da Praia

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Unga wa Lishe "Ujana Tena"

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum, na kama wewe si mwenzetu katika dini, basi habari za kazi. Mimi ni Sumaia, mke wa Hamido, seremala aliyestaafu. Sina ugomvi na kampuni yako. Nina malalamiko tu, nayo nayapanga kwa namba yasije yakagombania mlango.

1. Wakala wenu Celso alifika mtaani kwetu na spika, amevaa koti jeupe la kidaktari. Celso tunamjua, ni fundi wa simu. Akatusomea maneno ya kopo: unga wa mlonge na ubuyu, huimarisha moyo, husafisha damu, hurudisha ujana. Hamido ana miaka sitini na sita na ana presha. Akanunua kopo, akaja nyumbani, akavitupa vidonge vyake uvunguni mwa kitanda. Nilipomuuliza akanijibu, "Hivyo ni vya wazee."

2. Baadaye tukaenda harusini Mbau. Ngoma ilipokolea, Hamido akavua kofia, akaingia katikati ya vijana, akacheza mpaka akaanguka kama gunia la muhogo. Mheshimiwa, nilidhani nimekuwa mjane nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Nesi Domingos, naye mwalikwa, akampima presha, akakitazama kipimo, akapima tena. Akamuuliza, "Mzee, vidonge vyako viko wapi?" Hamido, akiwa bado chali, akasema, "Mzee nani?" Nililia garini njia nzima ya kurudi, naye akanibembeleza kwamba tatizo ni vijiko vya unga, alikuwa akitia vichache.

3. Nyumbani akakataa vidonge katakata, akaniagiza uji wa kopo uwe mzito zaidi. Hapa ndipo lilipo kosa lenu kubwa: ulifanya kazi. Presha ikashuka, macho yakang'aa. Akapaka ndevu piko, zikawa nyeusi ti. Akawaamuru wajukuu wamwite kaka. Akapanda juu akaziba paa lililokuwa linavuja tangu binti yetu Laila hajaolewa. Hilo la paa silalamikii.

4. Alhamisi, mbele ya majirani, akatangaza kwamba sasa ana miaka ishirini na mitano na kopo ni shahidi wake. Nikakaa nikafikiri. Hamido alinioa akiwa na miaka ishirini na minane. Kama leo ana ishirini na mitano, basi bado hajanioa. Sasa kijana huyu anafanya nini chumbani mwangu? Anavuaje viatu mlangoni kwangu kila jioni kama mwenye nyumba? Na watoto wetu watano, ambao mkubwa wao ana mvi, nimewatoa wapi? Shekhe wetu nimemuuliza, akacheka mpaka akashika nguzo.

5. Mimi hamkunirudisha popote. Nimebaki na miaka yangu sitini na moja na magoti yangu yaleyale. Nikipita sokoni na huyo mwenye ndevu nyeusi, wanawake wananiuliza kama ni mwanangu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mmwandikie barua yenye muhuri kwamba yeye ni mzee na atabaki kuwa mzee, ama nyinyi mliomzaa upya mlete posa kwa kaka yangu Abibo, kama wazazi wanavyofanya. Mkija, msemaji asiwe Celso. Akija, koti alivue.

Nisalimie wafanyakazi wote, wanaosaga na wanaofunga makopo, na zaidi huyo aliyetunga maneno ya kwenye kopo. Mwambie namuulizia sana.

Ni mimi, mwenye subira inayoelekea ukingoni,
Sumaia

Nyongeza: Tangu tulipotoka Mbau, unga wenu wanakula bata. Hamido nampikia uji wa muhogo, na kidonge chake cha presha nakisaga humo kila asubuhi. Nesi Domingos ameniruhusu. Bata hawajarudi ujanani, wamenenepa tu. Tafadhali msimwambie. Akiwauliza, mjibuni kwamba ni kopo, kopo peke yake, maana jana amemtuma rafiki yake Tarique kwa kaka Abibo kuniposa, nami nimeshakubali.