Tangi la Caradog

Jumatatu, tarehe 13 Februari

Baridi kali. Mleta barua amepita langoni bila kusimama. Tena! Serikali ilitangaza kwamba nyumba zisizofikiwa na bomba la gesi, zinazojipasha joto kwa mafuta ya taa kama zetu huku bondeni, zitapewa msaada. Nimekwisha kuiandalia hundi mahali pake juu ya rafu, nyuma ya saa. Mahali hapo pangali patupu.

Saa nne asubuhi Caradog, jirani yangu, akachungulia juu ya ukuta, uso unamng'aa kama sufuria mpya. Akasema msaada umeingia. Wake! Umeingia tangu Ijumaa, akampigia simu Ifan Mafuta, Ifan akaja na lori lake, na sasa tangi limejaa hadi shingoni. Akaniuliza, "Na wewe je, Mwalimu? Umeingia?" Nikamjibu kwamba mimi sina haraka. Sikumwuliza umeingia wapi wala kwa njia gani. Mtu aliyewafundisha hesabu nusu ya wakazi wa bonde hili hamwulizi mfuga bata jambo kama hilo.

Tangi langu limebakiwa na kidimbwi tu. Sitanunua hata tone mpaka serikali itimize ahadi. Ni suala la msimamo.

Jumatano, tarehe 15 Februari

Balaa! Mazoezi yamehamishwa.

Kila mwaka, tarehe mosi Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Daudi, mlinzi wa nchi yetu, sisi watatu, mimi, Caradog na Bi Tegwen, mjane aliyekuwa akiendesha posta, huimba kanisani kabla ya watu kula mchuzi wa kondoo na liki, ile mboga ndefu ya jamii ya kitunguu. Mazoezi hufanyika sebuleni kwangu. Hufanyika kwangu kwa sababu mimi ni kiongozi, na mimi ni kiongozi kwa sababu hufanyika kwangu. Tena ninacho kichuma cha noti, kile cha meno mawili ambacho ukikigonga hutoa do, noti ya kuanzia wimbo. Hukaa katika mfuko wangu wa kifuani. Mwingine hana.

Nilijua baridi ingenipinga, nikajiandaa. Chupa tatu za mpira za maji moto, zimefichwa chini ya mito ya viti. Mpango safi. Bi Tegwen akaketi, akasema ajabu, kiti chako leo kina joto, Idwal. Nikatabasamu. Kwenye ubeti wa pili kizibo kikatoka. Akaruka! Miaka yote hii sijapata kumsikia akiifikia noti ya juu namna ile.

Caradog akasema, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba kwake kuna joto, na vikeki viko kikaangoni. Bi Tegwen alikuwa amekwisha kuushika mlango.

Ijumaa, tarehe 17 Februari

Mazoezi kwa Caradog. Joto kama la tanuri la mkate. Mwenye nyumba kakunja mikono ya shati, mwezi wa Februari! Bi Tegwen akavua koti. Akavua sweta. Mashavu yamemwiva, anacheka. Kwangu hajapata kuvua hata glavu.

Kisha Caradog akaomba eti leo aanzishe yeye ubeti wa kwanza, kwa kubadilisha tu. Hivi ndivyo serikali zinavyopinduliwa.

Bi Tegwen alipoondoka mimi nikabaki, kwa makusudi, ili nimmalizie mafuta. Nilikwenda msalani nikaacha dirisha wazi. Nikarudi nikaketi karibu kabisa na kipasha joto. Akaniletea supu. Nikainywa yote, maana nayo ni gharama kwake. Akasema, "Karibu kila siku, Mwalimu, ukae hapa ukiota moto." Amekwisha kuniona mimi ni maskini wake!

Jumamosi, tarehe 18 Februari

Nimefikiri. Caradog ni mtu wa majigambo. Limejaa hadi shingoni? Nani kaliona? Nikithibitisha kwamba limebaki nusu, nitamwonyesha Bi Tegwen kwa hesabu kwamba moto wa Caradog utazimika kabla ya sikukuu. Mazoezi yatarudi kwangu, na uongozi pia.

Kila Jumamosi Caradog huenda mnadani kutazama kondoo ambao hawanunui. Alipoondoka nikavuka ukuta nikiwa na ufito wa kutambazia maharage. Nikapanda juu ya ndoo ya bata wake. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikatumbukiza ufito, nikautoa. Umelowa hadi mkononi mwangu. Limejaa kweli! Mtu huyu hasemi uongo hata pale ambapo uongo wake ungenifaa.

Nikainama nihakikishe. Kichuma kikateleza kutoka mfukoni. Kikagonga ukingo wa tangi, kikatoa do. Safi, isiyo na kasoro. Kisha kikazama.

Bata wakapiga kelele. Nikakimbia.

Jumatatu, tarehe 20 Februari

Nimeoga mara nyingi. Bado nanuka kama kibatari.

Kifuniko cha tangi la Caradog kimekutwa wazi, na kijiji kizima kinasema kuna mwizi wa mafuta. Dukani Ifan Mafuta alikuwa akiwatisha wanawake: "Hawa huja na pampu, mama! Ukiamka, tangi kavu, hata harufu hawakuachii." Nikaona heri nishike usukani. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba mwizi huyo ni mtu asiye na haya, asiye na malezi, na kwamba akipatikana atengwe. Watu wakanipigia makofi. Caradog akanishukuru, machozi yakimlengalenga.

Bi Tegwen akanusa. Akasema, "Idwal, mbona wewe ndiye unayenuka mafuta ya taa?" Nikasema nimesafishia brashi za rangi. Akauliza napaka nini. Nikasema lango. Basi mchana kutwa nimepaka lango rangi, mvua ikinyesha. Rangi imetiririka hadi barabarani. Bata wawili wa Caradog sasa ni wa kijani.

Ijumaa, tarehe 24 Februari

Mazoezi. Caradog akasema toa noti, Mwalimu. Nikasema leo nitaitoa kwa kukisia, waimbaji wazoefu hufanya hivyo. Nikaitoa. Ilikuwa juu mno. Bi Tegwen alifika kwa taabu. Mimi sikufika kabisa.

Akauliza kichuma kiko wapi. Nikasema kiko kwa fundi. "Kwa fundi? Kipande cha chuma kitupu kile, fundi anakifanya nini, anakinyoa ndevu?" Caradog akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaibonyeza. Simu ina do! Akasema, kama hatujali, tarehe mosi noti ataitoa yeye. Bi Tegwen akasema vizuri.

Vizuri! Amesema vizuri!

Nimerudi nyumbani. Kidimbwi cha tangini kimekwisha. Mleta barua hajaleta kitu.

Jumanne, tarehe 28 Februari

Mpango wa mwisho: niugue ghafla, watambue kwamba bila mimi hakuna wimbo. Saa tatu nikamtumia Caradog habari kwamba sauti imenikauka. Akaja mbio na asali, blanketi na mchuzi. Akaniambia pole sana, nipumzike, kwani yeye na Bi Tegwen wamejaribu jana kuimba wawili na imetoka tamu ajabu.

Nimepona.

Jumatano, tarehe 1 Machi

Kanisa limejaa. Kila mwanamume ana liki kifuani, kama ilivyo desturi ya sikukuu hii. Ya Caradog ni kubwa kuliko yangu. Kaitoa wapi liki ya ukubwa ule mwezi huu?

Tukasimama mbele. Nikajiambia, sasa atatoa simu, na watu wote wataona kwamba mimi si kiongozi tena. Caradog akatia mkono mfukoni. Akatoa kichuma changu!

Akanikabidhi mbele ya watu wote, kama kawaida ya kila mwaka. Akaninong'oneza, "Ifan kakivua kwa sumaku tulipokagua tangi. Toa noti, Mwalimu, watu wanangoja mchuzi." Basi. Hakumwambia mtu, hata Bi Tegwen, nilimchunguza, hajui.

Nikakigonga. Do. Tukaimba, na kwa kweli hatujapata kuimba vile. Mchungaji alifuta miwani.

Nimelitafakari jambo hili jioni nzima. Angeniita mwizi, ningejua la kumjibu. Kanyamaza. Mtu hawezi kushindana na jirani anayenyamaza. Ni ujanja wa hali ya juu, na sikutarajia kwamba anao. Tena kichuma sasa kinanuka.

Alhamisi, tarehe 2 Machi

Nimekutana na Bi Tegwen nje ya duka. Akauliza kwa nini bomba langu la moshi halitoi moshi. Nikamweleza kwamba nangoja serikali, na kwamba wengine hupendelewa. Akaniuliza nangoja nini. Hundi, nikasema. Akacheka akajishika ukutani. "Hundi gani, Idwal wewe! Msaada umewekwa kwenye akaunti ya umeme! Ya kila mtu bonde zima! Aliyetaka fedha mkononi kawapigia simu watu wa umeme wakamrudishia." Ulikuwa umeingia tangu Ijumaa ile ile ya Caradog. Wangu pia. Siku moja, saa moja.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye daraja. Hapo nikawaza: kiasi kile kile? Sawa na Caradog? Yeye ana vyumba viwili na bata. Mimi nina vyumba vinne na ngazi! Mwezi mzima nimeteseka nikidhani amenizidi, kumbe tumelingana. Hilo ni baya zaidi.

Nimewapigia simu watu wa umeme. Fedha zinakuja. Sasa nitaonyesha jinsi mtu mwenye akili anavyozitumia.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Ushindi!

Nilikwenda mnadani kwenye shamba linalofungwa. Nikanunua tangi. Limeletwa leo kwa trela, likahitaji wanaume wanne. La kijani, refu, pana, lina ngazi yake ubavuni. Ni kubwa kuliko la Caradog kwa kila upande. Nimelisimamisha mahali ambapo ataliona kutoka dirisha la jikoni kila anapoosha vyombo. Limemziba mlima wote.

Akachungulia juu ya ukuta, akalitazama kutoka juu hadi chini. Kisha akasema, "Lo, Mwalimu! Hilo ni tangi kweli kweli." Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyatamka, yasipotee.

Bi Tegwen akauliza kama limejaa. Nikamwambia tangi la ukubwa huu halijazwi kwa pupa. Fedha zote zimekwenda kwenye tangi, kama ilivyostahili. La ndani halionekani kutoka dirishani mwa mtu.

Naandika haya nikiwa nimevaa koti, kofia na glavu, nisamehewe mwandiko. Jioni nitakwenda kwa Caradog nimweleze vipimo vyake, urefu, upana na kina, kimoja kimoja. Nitakaa sana. Ni maelezo marefu, na kwake kuna joto.